Stelingi alifia kwenye mbio? Jibu kuhusu The First Auto

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeangalia kwenye simu sinema ya zamani ya mwaka 1927 inaitwa The First Auto, inahusu baba mwenye farasi na mtoto wake anayependa magari. Nimeipenda, lakini tumebishana sana hapa mtaani. Rafiki yangu anasema yule stelingi alikufa kweli wakati wa kushuti, na kwamba ajali ya mwishoni ndiyo iliyomuua. Ni kweli? Halafu magari ya enzi zile yalikimbia namna ile au ni ujanja wa kamera? La mwisho: kama ni sinema bubu, mbona kuna mahali nimesikia mtu anasema "Go"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la kifo, maana hilo ndilo linalopotoshwa sana.

Ni kweli Charles Emmett Mack, aliyeigiza kama Bob Armstrong, alikufa kabla filamu haijakamilika. Ilikuwa tarehe 17 Machi 1927, akiwa na umri wa miaka 26. Ila hakufia kwenye mbio, wala mbele ya kamera. Alikuwa kwenye barabara ya kawaida karibu na mji wa Riverside, California, akielekea mahali walipopanga kupiga picha za mbio. Gari lake likagongwa ubavuni, likapinduka. Filamu ilianza kuonyeshwa mwezi Juni mwaka uleule, kwa hiyo watazamaji wake wa kwanza walikuwa wanamtazama marehemu akishika usukani. Nadhani uvumi ulianzia hapo. Ukishasikia kwamba mtu kafa kwa ajali ya gari, halafu ukamwona kwenye skrini anapata ajali, akili inaunganisha yenyewe. Ajali unayoiona mwishoni ni ya kuigiza, na kwenye hadithi Bob anapona. Kama mliwekeana dau, rafiki yako achukue nusu.

Huyu Mack hakuwa mtoto wa tajiri aliyeingizwa kwenye sinema kwa jina la ukoo. Alizaliwa Scranton, Pennsylvania, akaingia studio ya dairekta D. W. Griffith kama mtunza vifaa, yule anayehakikisha kiti kipo pale kilipokuwa jana na taa haijasogezwa. Griffith akamwona, akamtoa nyuma ya kamera na kumweka mbele yake. Alionekana kwenye Dream Street ya 1921 na America ya 1924. Alipofika studio ya Warner Bros. kuigiza The First Auto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupewa nafasi za juu.

Na mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Tarehe 3 Machi 1927, wiki mbili kabla ya Mack, J. G. Parry-Thomas alikufa kwenye mchanga wa pwani ya Pendine, Wales, akijaribu kurudisha rekodi ya kasi duniani kwa gari lake aliloliita Babs. Wenzake walilifukia gari hilo palepale mchangani, likakaa huko hadi 1969 lilipofukuliwa. Tarehe 29 Machi, siku 12 baada ya Mack, Henry Segrave akaendesha Sunbeam kwenye ufukwe wa Daytona, Florida, akafikisha kilomita kama 328 kwa saa, mtu wa kwanza kuvuka maili 200 kwa saa. Yote haya ndani ya mwezi mmoja. Watu waliokata tiketi kuona The First Auto walikuwa wamesoma habari hizo magazetini, halafu wanaingia ukumbini kutazama mji mzima ukimcheka mtu anayehubiri kwamba gari litakuja kushinda farasi.

Sasa kasi. Jibu langu ni ndiyo na hapana, lakini unaweza kutofautisha mwenyewe bila kumwamini mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Kamera za sinema bubu kwa miaka mingi zilizungushwa kwa mkono. Pembeni kulikuwa na mpini, na mpiga picha aliuzungusha kama mara mbili kwa sekunde. Kila mzunguko ulipitisha picha 8, kwa hiyo ni picha 16 kwa sekunde. Mpiga picha mzoefu aliuhesabu mwendo huo kichwani, wengine wakiimba wimbo kimoyomoyo ili mkono usipotee. Akitaka gari lionekane linaruka, hakumwambia dereva aongeze mafuta. Alipunguza mkono wake. Akizunguka mara moja tu kwa sekunde, anapata picha 8. Mkanda huo ukionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, gari lililokuwa linakwenda kilomita 50 kwa saa linaonekana linakwenda 100. Studio imeokoa tairi, injini na uhai wa dereva, na mtazamaji ametoka ukumbini jasho linamtoka.

Kuna kasi nyingine isiyokusudiwa na mtu. Filamu nyingi za zamani, hasa za kabla ya 1925 hivi, zilipohamishiwa kwenye televisheni na baadaye intaneti zilichezwa kwa picha 24 kwa sekunde ilhali zilipigwa kwa 16 au 18. Ndiyo maana watu wengi wanadhani babu zao walitembea kama kuku. Lakini sinema uliyoiona wewe haina ugonjwa huo, kwa sababu nitakayoieleza kwenye swali lako la tatu: projekta yake ilifungwa kwa mwendo mmoja tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ukiona humo gari linakwenda kiajabu, jua ni mkono wa mpiga picha.

Jaribu hivi. Rudisha kipande cha mbio chenye watu wamesimama pembeni, halafu usiliangalie gari kabisa. Waangalie wao. Mtu anapopunga kofia, mkono unakwenda na kurudi kama wa binadamu au unatetemeka kama sindano ya cherehani? Kisha liangalie vumbi nyuma ya tairi. Vumbi likipigwa linapanda, linaning'inia kidogo hewani, ndipo linatawanyika. Mahali ambapo kamera ilizungushwa polepole, vumbi linafyatuka na kutoweka papo hapo. Dereva ataambiwa na dairekta afanye hili na lile, farasi naye atachapwa mjeledi, lakini vumbi halipokei maelekezo. Utagundua kwamba ndani ya mbio moja, shoti zimechanganywa: hii ya kweli, ile imepunguzwa mkono, inayofuata ya kweli tena. Ufundi ulikuwa kwenye kuchanganya. Wangeharakisha zote, watu wangecheka. Kwenye vichekesho vya studio ya Keystone walifanya hivyo makusudi, ili watu wacheke.

Ujanja mwingine ni wa mahali pa kuweka kamera. Weka kamera chini, karibu na ardhi, gari lipite karibu, na pawe na uzio au miti kando ya njia. Gari lilelile, mwendo uleule, litaonekana maradufu. Lipige picha ukiwa mbali, juu ya jukwaa, uwanja ukiwa mtupu, litaonekana linajikokota. Na pale unapoona uso wa dereva akiwa anaendesha, upepo unamchapa na barabara inakimbia nyuma yake, kumbuka kwamba ule ujanja wa kumweka mwigizaji studio mbele ya skrini inayoonyesha barabara ulikuja kuzoeleka miaka ya 1930. Kabla ya hapo mara nyingi mwigizaji alikuwa ndani ya gari linalotembea kweli, na kamera imefungwa kwenye gari jingine au kwenye jukwaa la mbao lililopigiliwa hapohapo. Kwa hiyo mwendo uliongezwa chumvi, ila mtu aliyekaa pale alikuwa amekaa pale kweli, bila mkanda wa kiti na bila kofia ngumu.

Je, magari yenyewe yangeweza kukimbia hivyo bila ujanja? Hapa ndipo anapoingia yule mzee mwenye sigara kubwa mdomoni uliyemwona kwenye filamu. Huyo si mwigizaji. Ni Barney Oldfield mwenyewe, dereva wa mbio aliyevuma enzi zile, na wakati wa kushuti alikuwa na umri wa miaka 48 au 49. Alianza na mbio za baiskeli huko Ohio. Mwaka 1902 Henry Ford alikuwa na gari la mbio lililoitwa 999, mnyama asiye na bodi: fremu, magurudumu, kiti, na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa karibu lita 19. Piga hesabu, magari mengi madogo yanayopita mtaani kwenu yana injini ya lita moja na nusu. Usukani haukuwa duara bali mkono wa chuma unaousukuma huku na huku. Oldfield hakuwa mtu wa magari, alijifunza kuliendesha muda mfupi tu kabla ya mbio, na Oktoba mwaka ule akashinda nalo karibu na Detroit. Tarehe 20 Juni 1903, kwenye uwanja wa maonyesho wa Indianapolis, akawa mtu wa kwanza kumaliza maili nzima ya uwanja wa mviringo chini ya dakika moja: sekunde 59 na nukta sita. Hiyo ni kama kilomita 97 kwa saa.

Najua, kwa basi la mkoani hiyo si kitu. Lakini basi la mkoani halikati kona kwenye udongo mtupu, mafuta ya injini yakikurukia usoni. Sigara ile ya Oldfield haikuwa mapambo tu. Aliiuma ili meno yasigongane gari linaporuka mashimo. Mwaka 1910 alifika kilomita 212 kwa saa kwenye ufukwe wa Daytona akiwa na Blitzen Benz. Mwaka huohuo alifungiwa na chama kilichosimamia mbio Marekani kwa sababu alikubali kushindana na Jack Johnson, bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu na Mweusi wa kwanza kulishika taji hilo, mtu ambaye chama hakikutaka kumwona kwenye uwanja wake. Oldfield alishinda kirahisi, adhabu akaila.

Kwa hiyo magari yaliweza. Mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, mwaka 1911, mshindi alikwenda kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa. Mwaka wa filamu yako, 1927, wastani wa mshindi ulikuwa kama 157. Studio hazikuharakisha picha kwa sababu magari yalikuwa ya polepole. Ziliharakisha kwa sababu stelingi ana mkataba, kamera ni ghali, na mtu mmoja anapaswa kuzungusha mpini kwa mkono huu na kuelekeza lenzi kwa mkono ule. Kwa kasi ya kweli ya Indianapolis angepata picha za vumbi tupu.

Hadhira ya mbio nayo mara nyingi ilikuwa ya bure. Januari 1914 Charlie Chaplin alitumwa kwenye mashindano ya magari ya watoto huko Venice, California. Watu wale pembeni ya njia ni watazamaji halisi waliokuja kuona mbio, na wengi hawajui kwa nini jamaa mwenye kofia ya duara anaziba kamera. Filamu hiyo, Kid Auto Races at Venice, ndiyo ya kwanza kumwonyesha hadharani yule mzururaji wake mwenye bakora. Miaka ya 1920 Los Angeles ilikuwa na viwanja vya mbio vya mbao karibu kabisa na studio, kimoja Beverly Hills, kingine Culver City, vyenye kona zilizoinuliwa kama ukuta. Watu wa sinema walijaa majukwaani. Novemba 1920 Gaston Chevrolet, mshindi wa Indianapolis wa mwaka huo, alikufa kwenye uwanja wa Beverly Hills. Dairekta aliyetaka kujua ajali inakuwaje hakuhitaji kusimuliwa.

Swali la sauti. Filamu hii ilizaliwa kwenye ule upenyo mdogo ambao sinema haikuwa bubu tena lakini ilikuwa bado haijaanza kuzungumza. Warner Bros. walikuwa wamewekeza kwenye mtambo uitwao Vitaphone. Agosti 1926 walionyesha Don Juan ikiwa na muziki uliorekodiwa. Oktoba 1927 wakatoa The Jazz Singer, na baada ya hapo hakuna aliyerudi nyuma. The First Auto iko katikati. Waigizaji hawazungumzi, mazungumzo yapo kwenye kadi za maandishi, lakini muziki, milio, vicheko na maneno machache mno vimerekodiwa na kuambatanishwa. Hilo "Go" ulilosikia ni mojawapo, kwa hiyo hukuota.

Sauti hiyo haikuwa kwenye mkanda wa filamu. Ilikuwa kwenye santuri kubwa, kipenyo chake sentimita 40 hivi, na sindano ilianzia katikati kwenda nje, kinyume cha santuri za nyumbani. Kila mkanda wa dakika kumi na kitu ulikuwa na santuri yake. Mtu wa projekta alipanga picha yenye alama ya kuanzia mbele ya lenzi, akaweka sindano kwenye mshale uliochorwa kwenye santuri, kisha motor moja ikaendesha vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana mwendo ulikuwa mmoja, picha 24 kwa sekunde, hakuna kupunguza wala kuongeza. Mkanda ukikatika, asingeweza kukata kipande kilichoharibika na kuunga kama alivyozoea, kwani sauti ingetangulia picha. Ilibidi aweke vipande vyeusi vyenye idadi ileile ya picha. Kwenye lebo ya santuri kulikuwa na visanduku vya kuweka alama kila inapochezwa. Zikifika mara 20, inatupwa, inaletwa mpya.

Kumbi nyingi zilikuwa bado hazina mtambo huo, na huko filamu hiyohiyo ilionyeshwa bubu, na mpiga piano au bendi ya ukumbi ikitoa sauti. Bubu kwa jina tu, maana ukumbi haukuwa kimya hata kidogo. Miaka ya mwanzo zaidi kulikuwa hata na wasimuliaji waliosimama pembeni ya skrini wakieleza kinachoendelea, kazi ambayo waliokulia na kanda za Lufufu au DJ Afro wanaijua bila kufundishwa.

Haya ndiyo uliyouliza. Naongeza moja ambalo hukuliuliza, kwa sababu naona mmebishana kuhusu magari na kumsahau mzee. Mtu wa filamu hii ni baba, Hank Armstrong, aliyeigizwa na Russell Simpson. Hadithi inaanzia 1895, na Hank ndiye mwenye zizi la kukodisha farasi mjini, mtu wa heshima, anayeshinda mbio kwa farasi wake na kila mtu anamsalimia. Kisha linakuja gari moja. Halafu mawili. Wateja wanapungua, marafiki waliokuwa wanacheka naye nao wananunua gari, mwanawe anahamia upande wa pili, na zizi linakwenda kwa wadai. Kwa hasira Hank analiharibu gari la mbio bila kujua kwamba atakayeliendesha ni Bob. Angalia vizuri: filamu nzima haina adui. Anayemtegea stelingi mtego ni baba yake mzazi, na tunamwelewa. Hadithi hiyo iliandikwa na Darryl Zanuck, kijana wa miaka 24 aliyekuwa anajulikana zaidi kwa visa vya mbwa Rin Tin Tin, ambaye baadaye aliongoza studio ya 20th Century Fox. Dairekta, Roy Del Ruth, anapenda mzaha mno kwa ladha yangu, na mara mbili tatu anakatiza huzuni ya mzee ili mtu aanguke kwenye matope. Lakini Simpson hatikisiki. Uso wake akitembea ndani ya zizi tupu unanishinda kuliko mbio zote za humo.

Ukitaka nyingine za aina hii, tafuta The Roaring Road ya 1919, iliyoongozwa na James Cruze. Stelingi ni Wallace Reid, kijana mwenye sura iliyowatoa watu roho, muuza magari anayetaka kuwa dereva wa mbio, na mwishoni anashindana na treni kutoka Los Angeles hadi San Francisco. Ilipendwa hadi studio ikamfungia kwenye filamu za magari moja baada ya nyingine. Huyu naye alikufa kijana, Januari 1923 akiwa na miaka 31, na rafiki yako asije akasema ni mbio. Mwaka 1919 alijeruhiwa kwenye ajali ya treni akienda kushuti filamu nyingine, akapewa mofini ili aendelee na kazi, na mofini haikumwacha tena. Mkewe, Dorothy Davenport, mwaka huohuo wa kifo akatengeneza filamu ya kupinga dawa za kulevya, Human Wreckage.

Na kama una dakika chache tu, kuna Barney Oldfield's Race for a Life ya 1913: Mabel Normand kafungwa kwenye reli, treni inakuja, Oldfield yuleyule anakimbiza gari kumwokoa. Humo usihangaike kuliangalia vumbi. Wameharakisha kila kitu.